Nyuma ya Kamba

Katibu wa Chama cha Mbio alipomaliza kusoma pendekezo lake, Bwana Malori alikuwa wa kwanza kusimama, na kiti kikasimama naye. Mwili wake na viti vya chumba kile cha mikutano havijawahi kupatana. Alikichomoa kiti kiunoni, akakibwaga chini, akasema, "Haiwezekani! Pesa yangu, gari langu, mafuta yangu, halafu mtu aje kunipangia mwisho wa kutumia? Huyo mtu alinisaidia kuzitafuta?"

Wenye timu kubwa wakampigia makofi. Sisi wadogo tuliokaa nyuma karibu na mlango tulikuwa tunabana vicheko. Bwana Malori, ambaye malori yake hubeba kila kinachobebeka duniani, alikuwa anatushinda miaka yote kwa njia moja tu: tairi likichubuka anatupa, injini ikikohoa ananunua nyingine. Mimi naendesha gari ambalo boneti lake limenyooshwa kwa nyundo mpaka limesahau lilivyotoka kiwandani. Sasa Chama kilitaka kuweka kikomo cha matumizi, kiwango kimoja kwa kila timu kwa msimu mzima, na atakayekivuka anafutiwa pointi zake zote. Wahenga walisema adui yako mwombee njaa. Mimi nilikuwa nimeomba sana, na nilidhani dua imejibiwa.

"Kimya chenu kinanifurahisha," Katibu alituambia sisi wa nyuma. Ni mtu mpole, kola imenyooshwa, sauti kama ya daktari anayekuambia sindano haitauma. "Kikomo hiki ni kwa ajili yenu hasa."

Mama aliitikia kwa kichwa. Mama ndiye mwenye timu yetu, tangu baba alipofariki akatuachia karakana na madeni ya vipuri. Watu wa mbio wote humwita Mama Karakana, hata wale waliomzidi umri, na akisema neno moja kwenye mkutano huwa wanalibeba mpaka nyumbani.

Ndipo Katibu akasoma kipengele cha mwisho. Kazi ya kujitolea itahesabiwa kwa bei ya soko.

"Maana yake nini hiyo?" nikauliza kwa sauti. Kwetu naitwa Pilipili, na sikuipata sifa hiyo kwa kunong'ona.

"Maana yake, dada yangu, tusipoweka hivyo, mwenzetu Bwana Malori atatuambia mafundi wake wote ni wajomba zake, wanamsaidia kwa mapenzi." Watu wakacheka, na Bwana Malori mwenyewe akacheka, maana ndivyo hasa alivyokuwa amepanga. "Kwa hiyo kila mkono unaogusa gari utapimwa na mkaguzi na kupewa daraja. Kila daraja lina bei yake. Mtu analipwa, halipwi, sisi haituhusu."

Mimi nikaacha kucheka. Katika timu yetu hakuna anayelipwa hata mmoja. Mama anashughulikia injini, binamu yetu anafunga matairi akitoka kazini kwake, mimi naendesha na kufagia, na umeme wote wa gari, kuanzia betri mpaka taa ya nyuma, ni wa kaka yangu. Na hiyo bei ya soko ilipangwa na nani? Mnunuzi pekee aliyekuwa sokoni alikuwa Bwana Malori, na yeye fundi wa umeme humlipa kama anamposa.

*

Kaka ndiye aliyekuwa dereva kabla yangu, na alikuwa dereva kunishinda. Nasema hivyo bila kinyongo, ingawa ukimuuliza yeye atakuambia kwa kirefu zaidi. Kaka hajawahi kuwa mnyenyekevu. Akishinda mbio alikuwa anaturudia mzunguko mzima mezani, kona baada ya kona, akitumia vijiko, mpaka chakula kinapoa. Halafu siku moja breki zilimkatikia kwenye kona ya mwisho, akaingia ukutani, na mguu wake wa kulia haukurudi kuwa mguu wa kukanyagia pedali.

Alipotoka hospitali alilala akitazama ukuta. Tulimwita kula, akasema ameshiba. Marafiki walikuja, akafumba macho mpaka wakaondoka. Mimi nilimgombeza, nikambembeleza, nikamgombeza tena. Asubuhi moja Mama aliingia na furushi la nyaya alizong'oa kwenye gari lililopata ajali, nyaya zimesokotana kama nywele zilizosahauliwa kuchanwa, akalimwaga kitandani juu ya miguu ya kaka. "Nitenganishie hizi," akasema, akaenda zake kupika.

Jioni nyaya zilikuwa zimepangwa kwa rangi. Kesho yake akaomba koleo. Baada ya muda akaomba kiti kiwekwe karakana, karibu na dirisha, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kukikalia kiti kile. Aliingia asubuhi na fimbo yake, akatoka Mama alipozima taa. Hakuna fundi wa kulipwa anayekaa kazini kiasi hicho, na ndiyo maana tulipokaa kupiga hesabu ya pendekezo la Katibu, kaka peke yake alikula kikomo chetu kizima akaramba na sahani.

"Ukipewa daraja la kwanza tumekwisha," binamu alisema.

"Basi nisipewe," kaka akajibu. "Daraja la chini kabisa ni lipi?"

"Mshika taa. Anayewamulikia mafundi."

"Huyo bei yake?"

"Kama bure."

Kaka akacheka. "Mkaguzi akija, nitakuwa mbumbumbu ambaye hajawahi kuonekana." Papo hapo akaanza mazoezi. Akashika waya kama ameshika mkia wa nyoka, akatetemesha vidole, akamuuliza Mama kwa sauti ya kizembe, "Samahani mama, hii nyekundu ndiyo inaingia wapi?" Mama alicheka mpaka akajifuta machozi na kitambaa cha kufutia oili, uso ukawa mweusi, tukazidi kucheka. Yaani wao wakazidi kucheka. Mimi nilikuwa naona moto.

"Kaka, wewe? Uwe mshika taa? Wewe uliyekuwa unapigiwa kelele na uwanja mzima?"

"Mdogo wangu, cheo hakiniwashi mimi. Waniite mshika taa, waniite ndoo. Mradi niwe pale gari lilipo."

"Heri nusu shari," Mama akasema. "Bwana Malori anahitaji lijamu kama farasi. Tukipita katika kipimo hiki, msimu ujao tutashindana naye sawasawa."

Nilinyamaza kwa sababu ni mama yangu. Lakini nilitoka nje nikapiga teke tairi, na tairi likanirudishia.

*

Mkaguzi alikuja uwanjani siku ya majaribio ya magari. Tulitegemea karani, akatujia mama wa makamo mwenye miwani yenye mnyororo, fundi mstaafu wa ndege. Alikuwa anasimama nyuma ya mtu, anaangalia mikono yake, hasemi kitu, anaandika.

Kaka alifanya kazi yake vizuri mno. Aliunganisha taa ya breki kwenye honi, nikikanyaga breki gari linalia. Aliunguza fyuzi, akaomba msamaha, akaunguza nyingine. Alimwita mkaguzi "daktari". Nilimwangalia kaka yangu akijidhalilisha mbele ya timu zote, mdomo wazi, na roho yangu ilikuwa inauma kweli. Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma na kuinamisha kalamu.

Hapo ndipo Mnene alipokuja mbio. Mnene ni fundi mkuu wa Bwana Malori, mwembamba kama antena, jina alipewa kwa utani likamganda. Alikuwa anahema. "Jamani, gari letu limezima njiani kuelekea mstari. Halina umeme hata chembe. Zamu yetu imefika na injini haigutuki. Kaka, tafadhali."

Katika mbio kuna desturi moja ambayo mtoto wa fundi huijua kabla ya kujua kusoma: gari la mpinzani likigoma asubuhi ya kazi, humnyimi mkono wako. Ukitaka kumshinda, mshinde barabarani. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, maana kesho litakalogoma ni lako. Baba aliwahi kumwazima mtu giaboksi, mtu yule akamshinda nayo, wakaenda kunywa chai pamoja.

Kaka alikuwa ameshasimama. Nilimshika shati. "Kaka," nikamnong'oneza, "mkaguzi."

Hakunisikia. Gari lililokufa lilikuwa linamwita, na mtu wa namna yake akiitwa hivyo hana masikio mengine. Alivuka lami kwa fimbo yake upesi kuliko nilivyowahi kumwona, akainama, akaliangalia gari la Bwana Malori kwa dharau ya wazi.

"Mmelipaka rangi lini?"

"Wiki hii," Mnene akajibu.

"Mmelipaka mpaka pasipopakwa. Tazameni hapa!" Na sasa sauti ilikuwa yake ile ya zamani, ya mezani, ya vijiko. "Huu waya wa hasi lazima ugusane na chuma. Nyie mmeukazia juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme, enyi waungwana. Gari zuri, linang'aa kama bibi harusi, na moyo wake mmeufunika plastiki. Bisibisi!" Mtu akampa. Akafungua bolti, akakwangua rangi mpaka chuma kikaonekana, akakaza, akarudi nyuma na kumpungia dereva mkono kwa madaha. Injini ikanguruma. Mafundi wa Bwana Malori wakashangilia, na kaka, jamani, kaka akainama kidogo kama mtu anayepokea kikombe.

Aliponyanyua uso alikutana na miwani yenye mnyororo.

"Mbumbumbu, eh?" mkaguzi akasema.

Kaka akaficha bisibisi nyuma ya mgongo.

"Nilikuwa karibu kuandika mshika taa. Mwanangu, mimi nimekaa chini ya mabawa ya ndege maisha yangu yote. Siwezi kuandika nisichokiona, na hiki nimekiona." Akaandika. Daraja la kwanza.

Na nitakuambia kitu kilichonikata maini kuliko yote. Kaka alitabasamu. Kwa muda mfupi alifurahi kwa dhati, daraja la kwanza, mbele ya watu wote, tangu ajali hakuna aliyemwambia hivyo. Halafu nikaona tabasamu linakumbuka.

*

Katibu alituita pembeni, mpole vilevile. Hakuna haja ya kuogopa, akasema. Mbio zinazofuata zitakuwa za majaribio ya kikomo, na kura itapigwa baada yake. Eneo la magereji litazungushiwa kamba. Kazi yoyote itakayofanywa ndani ya kamba itahesabiwa.

"Kwa hiyo ili huyu ndugu yenu asihesabiwe," akamalizia, "aje tu kama mtazamaji. Tutampa beji. Atakaa nyuma ya kamba, ataona kila kitu."

"Nyuma ya kamba," Mama akarudia.

"Na kule karakana nyumbani pia asiguse gari. Tutaaminiana."

Tulirudi nyumbani, na kaka akaenda moja kwa moja chumbani kwake. Asubuhi kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Nilimpelekea chai nikamkuta amelala, ametazama ukuta. Nilijua ule mgongo. Nilikuwa nimekaa nao miezi mingi na nilidhani tumeagana nao.

"Kaka, amka bwana. Waya wa pampu ya mafuta unagusa bomba, ulisema utautazama."

"Aguse mwenye ruhusa."

Mchana ule Bwana Malori alikuja karakana kwetu na tabasamu na pete zake. Hakukaa, pengine kwa kuogopa viti. "Mama Karakana, sasa umeona nilichokuwa napinga. Simama na mimi siku ya kura. Hapo nje kwenye lori kuna injini mpya, haijafunguliwa hata karatasi. Ni zawadi."

Mama alikuwa anasafisha plagi kwa brashi ya waya, na hakuacha. "Wewe unapinga kwa nini?"

"Kwa sababu ni uonevu!"

"Kwa sababu una mfuko mkubwa, unataka uendelee kuufungua. Sawa, huo ni wako. Mimi nitapinga kwa sababu nina mtoto amelala anatazama ukuta." Akapuliza plagi, vumbi likamfuata Bwana Malori usoni. "Bado nasema unahitaji lijamu. Lakini halitashonwa kwa ngozi ya mwanangu. Injini yako rudi nayo, baba, barabara ni ile ile."

Nilimpenda mama yangu siku ile mpaka nikaona aibu kuonekana.

*

Siku ya mbio kamba ilikuwa ya buluu, mpya, nene, imefungwa kwenye nguzo za chuma kuzunguka magereji yote. Upande wa pili wa njia kulikuwa na uwanja wa majani wa watazamaji, nao umezungushiwa kamba hiyo hiyo. Kaka tulimleta kwa kumvuta. Mama alimwambia kwamba asipokuja na yeye haendi, na kaka alijua anamaanisha. Alivishwa beji iliyoandikwa MTAZAMAJI, akakaa kwenye kiti cha kukunja, fimbo magotini. Karibu naye alikaa mzee mmoja, baba mkwe wa Mapacha, wale ndugu wawili wenye timu ndogo kuliko yetu. Mzee yule ndiye aliyekuwa akiwapimia upepo wa matairi tangu waoe, naye alikuwa amevishwa beji.

Niliingia kwenye mzunguko wa kupasha moto. Kona ya kwanza sawa, ya pili sawa. Kona ndefu ya kulia, injini ikakata. Nikanyoosha usukani, ikashika. Kona nyingine ya kulia, ikakata tena. Nilijua mara moja ni nini: waya wa pampu ya mafuta, ule aliosema atautazama, ambao hakuna mwenye ruhusa aliyeutazama.

Nilirudi nikisukumana na gari kwa matusi. Mbele yangu njia inagawanyika. Kushoto magereji, na Mama amesimama na binamu, mikono mitupu. Kulia majani ya watazamaji. Na pale kulia kaka alikuwa amesimama wima kwa fimbo yake, shingo ameitoa juu ya kamba. Alikuwa amesikia injini inavyokata. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anamwambia mtu la kufanya, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Watu husema nilipanga. Sikupanga. Mimi nikipanga mambo huharibika. Nilikata usukani kulia.

Gari likapanda ukingo wa saruji, bampa la mbele likaachia upande mmoja, watazamaji wakaruka huku na huku na viti vyao, nikasimama kamba ikiwa imegusa boneti. Nilifungua mlango nikapiga kelele, "Kaka, linakata kona za kulia!"

"Nimesikia! Mimi kiziwi?" Sijui ilikuwa hasira au furaha. "Lakini siruhusiwi kuingia huko."

Mama alikuwa ameshavuka lami. Hakukimbia. Alifika, akaishika ile kamba ya buluu kwa mikono miwili, akainyanyua juu ya kichwa chake kadiri mikono yake ilivyofika.

"Hutaingia wewe," akamwambia. "Litatoka gari. Pilipili, pita."

Nikapita chini ya mikono ya mama yangu. Kabla injini haijazimika kaka alikuwa ameshaingiza kichwa ndani, miguu nje, fimbo ameitupa kwenye majani, mkononi koleo lake linalokaa chini ya kiti changu.

Katibu alikuja mbio, kola imepinda. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amepinda popote. "Mama Karakana! Mama! Mnafanya nini? Huyu haruhusiwi kufanya kazi!"

"Ulisema kazi ndani ya kamba ya magereji itahesabiwa. Tuko ndani?"

"Lakini hili ni eneo la watazamaji!"

"Nao wanatazama," Mama akasema. Na kweli walikuwa wanatazama, wamejaa, wengine wamepanda mabega ya wenzao.

"Gari likiwa huku katikati ya watu, mbio hazitaanza."

"Basi zisianze."

"Nitawafuta mashindanoni!"

"Tufute!" nikamwambia, na hapo nilikuwa nimeshatoka garini, helmeti mkononi, na nikiri nilikuwa nimeishika vibaya. "Unakuja kutuambia unatusaidia sisi wadogo. Sisi utajiri wetu ni nani? Ni huyu! Bwana Malori ana pesa, sisi tuna kaka. Ukitunyang'anya kaka ili yeye apunguze pesa, umemsaidia nani? Pesa zake atazificha kwenye malori, hata wewe unajua. Mimi kaka yangu nimfiche wapi?"

Kabla Katibu hajajibu, tulisikia matairi yakilalamika. Mapacha walikuwa wanasukuma gari lao kwa mabega, mmoja kila upande, wakilivusha lami kuja kwenye majani. Yule mzee baba mkwe aliinua kamba mwenyewe, akatoa kipimo cha upepo mfukoni. Alikuja nacho. Alikaa na beji ya mtazamaji na kipimo cha upepo mfukoni, asubuhi nzima.

Baada yao akaja Mnene na wenzake wanasukuma gari linalong'aa la Bwana Malori. "Hatuna tatizo leo," Mnene akasema, akiona haya kidogo. "Tumekuja tu." Kisha timu nyingine, na nyingine, mpaka majani yakawa hayatoshi na watazamaji wakaanza kusaidia kusukuma. Bwana Malori alikuwa anazunguka katikati, amenyoosha mikono juu. "Nilisema mimi! Sikusema? Tuko pamoja!"

"Wewe nyamaza," Mama akamwambia. "Tumekutana njiani tu."

Watu walicheka mpaka yeye mwenyewe akashusha mikono.

Upande wa pili magereji yalikuwa matupu, milango wazi. Ndani ya kamba walibaki wawili tu, Katibu, aliyekuwa amerudi kule kama mtu anayerudi kwake, na mkaguzi mwenye miwani.

"Mnataka nifanye nini?" Katibu akauliza. Alionekana amechoka, na kusema kweli nilimhurumia, lakini huruma yangu haikuwa kubwa.

"Piga kura," Mama akajibu. "Kwa nini tusubiri mbio ziishe? Anayekubali pendekezo lako, aingie ndani ya kamba asimame nawe."

Mwenye timu moja kubwa akasogeza mguu, akazomewa na uwanja mzima, akaeleza kwa hofu kwamba ameacha miwani yake ya jua kule. Akaamua macho yake yavumilie.

Aliyetembea alikuwa mkaguzi. Aliondoka pale aliposimama na Katibu, akavuka lami bila haraka, akainama chini ya kamba yetu huku ameshika miwani isianguke. Nilidhani anakuja kuandika. Alifika kwenye gari letu, akachungulia alipolala kaka, chini ya dashibodi, mwili umejikunja, mguu mbovu umenyooka juu ya majani.

"Unaona kitu humo?" akamuuliza.

"Giza tupu, mama."

"Taa iko wapi?"

Binamu akawasha taa ya simu yake, akampa. Yule mama akapiga magoti kwenye majani na sketi yake safi, akammulikia.

"Kushoto kidogo," kaka akamwambia. "Hapo. Usitikisike."

"Sitikisiki."

Katibu alimwangalia mkaguzi wake. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, kwamba pendekezo analirudisha kwenye kamati kwa marekebisho. "Lirudishe lote," Mama akasema, na Katibu akasema sawa, lote, lakini jamani magari yaingie kwenye mstari.

Kaka alitoka chini ya dashibodi uso umejaa vumbi. Waya ulikuwa umelika na bomba, ameuhamisha, ameufunga. Nikawasha, nikazungusha usukani kulia mpaka mwisho, nikakanyaga. Haikukata. Watu wakapiga kelele, na kaka akawapungia kana kwamba ni yeye aliyekuwa ameshinda, na sikuwa na hamu ya kumkosoa.

Halafu akaliona bampa. Lilikuwa linaning'inia upande mmoja tangu nilipopanda ukingo. "We mtoto, hili nalo umelifanya nini? Litaburuta. Nipeni kitu cha kufungia."

Vitu vyote vya kufungia vilikuwa ng'ambo, ndani ya magereji. Kaka akaangaza huku na huku, akaokota koleo lake kwenye majani, akachechemea hatua chache, akaishika kamba ya buluu na kuikata. Akaivuta, akaikata tena, akarudi na kipande kizuri kirefu, akapiga goti na kuanza kulifunga bampa.

"Hiyo kamba ni mali ya Chama!" Katibu akapiga kelele kutoka ng'ambo. "Ni mpya! Ina gharama!"

Kaka alikaza fundo kwa meno, akalijaribu kwa mkono, akaridhika. Ndipo akageuka.

"Iandike kwenye kikomo chetu."